Stephen Kleene na Nyota Yake

Wenzangu wasomaji, nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi mara nyingi katika kitivo cha lugha, ingawa kila mmoja wetu anayetafuta neno ndani ya maandishi marefu kwa kompyuta anatumia kitu alichotuachia. Ni Stephen Cole Kleene, Mmarekani, mtaalamu wa mantiki, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1994. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na ni vema nianze na kosa hilo, maana bila hilo nisingekuwa na la kusimulia.

Kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu maneno ya chakula katika Kiswahili cha Lubumbashi. Nilizunguka Katuba, Kenya na Kamalondo nikiwauliza wazee kuhusu bukari, sombe, munkoyo na mengine. Rafiki yangu anayesomea kompyuta alinitengenezea fomu kwenye intaneti: kisanduku cha neno, kisanduku cha umri, orodha ya kuchagua mtaa, na chini yake sanduku kubwa la maelezo. Jioni, umeme ukiwepo, niliandika humo yale niliyoyasikia mchana. Baadaye nafasi ile ya intaneti ilifungwa. Kabla haijafungwa niliwahi kuhifadhi kila fomu, moja moja, kwenye flashi yangu. Nikabaki na mafaili 63 ya HTML, majibu yakiwa yamefungwa ndani ya alama za kompyuta. Kazi ikawa kuyatoa majibu hayo na kuyapanga katika jedwali.

Ukifungua faili la namna hiyo, utaona kwamba kisanduku kidogo huandikwa kama alama ya input, yenye jina lake na thamani yake katikati ya alama za kunukuu. Orodha ya kuchagua ni alama ya select yenye option kadhaa ndani yake, na ile iliyochaguliwa imewekewa neno selected. Maelezo marefu hukaa kati ya ufunguzi na ufungaji wa alama ya textarea. Rafiki yangu alinionyesha zile ruwaza za kutafutia maandishi ambazo wenzake huziita rejeksi. Katika ruwaza hizo nukta husimama mahali pa herufi yoyote, na nyota husema kwamba kitu kilichoitangulia kinaweza kurudiwa mara nyingi tutakavyo, au kisiwepo kabisa.

Niliandika value="(.*)" nikitumaini kupata thamani ya kila kisanduku. Nyota ikala kila kitu, kuanzia alama ya kunukuu ya kwanza hadi ya mwisho katika mstari, visanduku vitatu vikawa kitu kimoja. Nikarekebisha: value="([^"]*)", yaani herufi yoyote isipokuwa alama ya kunukuu. Hapo majibu mafupi yalitoka vizuri. Kwa maelezo ndani ya textarea nilirudia nukta na nyota. Jedwali likajaa, mistari 63, safi kabisa. Katika mistari kadhaa nafasi ya maelezo ilikuwa tupu, nami nikaamini kwamba watu hao hawakueleza kitu. Nikaanza hata kuandika aya nzima kwamba wazee wa mitaa yetu hutaja chakula lakini hawakielezi.

Mwalimu aliyeniongoza aliisoma aya hiyo, akaniuliza swali moja tu: na yule bibi wa Katuba, naye alinyamaza? Nilijisikia vibaya sana. Bibi huyo, ambaye majirani wote walimwita Kambo, alikuwa amenieleza bukari karibu saa nzima: maji yachemke kiasi gani, unga uingie lini, nani apakuliwe kwanza na kwa nini. Alikuwa amefariki wakati wa mvua, na nisingeweza kurudi kumwuliza. Nikafungua faili lake kwa macho yangu mwenyewe. Maneno yake yote yalikuwamo, mistari minane. Lakini katika programu niliyotumia nukta haivuki mwisho wa mstari, kwa hiyo ruwaza yangu ilianza kumsoma, ikakuta mstari umekwisha kabla ya alama ya kufunga, ikamwacha. Waliosema kidogo walipita. Wale waliosema mengi nilikuwa nimewageuza mabubu.

Hilo la nukta nilirekebisha kwa dakika mbili. Lakini lilibaki jambo la tatu. Katika fomu, kila neno lilikuwa na kikundi chake, na ndani ya kikundi hicho kungeweza kuwa na kikundi kingine cha neno la jirani, na ndani yake kingine tena, kadiri mzee alivyoendelea kukumbuka. Nilikesha usiku kucha nikitafuta ruwaza itakayojua ni kifungo kipi kinafunga kikundi kipi. Kila mara ilifunga mahali pasipo pake. Asubuhi rafiki yangu alinicheka kwa upole, akaniambia kwamba ruwaza ninayoitafuta haipo, na kwamba aliyeonyesha nyota inafika wapi na inaishia wapi ni Kleene. Ndipo nikaanza kumsoma.

Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake alifundisha uchumi katika chuo, mama yake alikuwa mshairi. Familia ilikuwa na shamba kaskazini zaidi, katika jimbo la Maine, na huko kijana alizoea milima na misitu, mapenzi ambayo hayakumtoka hadi uzee. Alisoma chuo cha Amherst na kumaliza mwaka 1930, kisha akaenda Princeton kutafuta udaktari.

Jina lake lenyewe litawafurahisha wanafonetiki wetu. Watu wengi hulitamka kwa silabi moja, Kliin. Yeye alitaka silabi mbili, Klei-ni. Mwanawe aliandika baadaye kwamba, kwa kadiri alivyojua, matamshi hayo hayako sahihi katika lugha yoyote, na kwamba aliamini baba yake ndiye aliyeyabuni.

Huko Princeton mwongozaji wake alikuwa Alonzo Church, ambaye wakati huo alikuwa akijenga mfumo mpya wa mantiki aliotumaini ungebeba hisabati yote. Church alimpa Kleene kazi ya kuonyesha kwamba hesabu za namba nzima, zile tunazozianza tukihesabu vidole, zinaweza kujengwa ndani ya mfumo huo. Kujumlisha kulikubali, kuzidisha kulikubali. Kilichokataa ni kutoa moja: ukipewa namba, upate ile inayoitangulia. Church mwenyewe alikuwa karibu kukata tamaa kwamba haiwezekani. Mwaka 1932 Kleene alikwenda kwa daktari wa meno kung'olewa magego, na huko huko, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, njia ikamjia: usirudi nyuma kutoka kwenye namba, anza mwanzo, tembea ukiwa umebeba namba uliyoifikia pamoja na ile uliyotoka kuiacha, na ukifika mwisho ubaki na ile iliyotangulia.

Basi kijana huyo aliandika tasnifu yake ndani ya nyumba ya mwalimu wake. Halafu yeye na mwanafunzi mwenzake, J. B. Rosser, wakagundua kwamba nyumba yenyewe ina ufa. Walionyesha kwamba mfumo wa Church unajipinga wenyewe, yaani ndani yake unaweza kuthibitisha jambo lolote, la kweli na la uongo. Uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1935. Kleene alikuwa amepata udaktari wake mwaka 1934. Hapa ndipo nilipoanza kumpenda mtu huyu. Wangapi kati yetu, wakiona ufa katika msingi wa kazi yao ya kumaliza masomo, wangeutangaza? Yeye aliutangaza, kisha akachukua ile sehemu iliyokuwa bado nzima, inayoitwa hesabu ya lambda, akaendelea nayo. Hadi leo hesabu hiyo ni msingi wa lugha kadhaa za programu, na baadhi yetu tumeikuta katika somo la semantiki.

Kisa kingine cha miaka hiyo kinaonyesha tabia ile ile. Church alipodai kwamba kila hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya hatua kwa hatua inaweza kuandikwa kwa lambda, Kleene hakuitikia kwa heshima ya mwanafunzi. Aliketi kuivunja hoja hiyo. Alijaribu, akaona kwa nini jaribio haliwezi kufaulu, na usiku mmoja ulitosha kumfanya awe mtetezi wake. Baadaye ndiye aliyeipa hoja hiyo jina la mwalimu wake, na kwa jina hilo inajulikana mpaka sasa.

Mwaka 1935 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Aliondoka mwaka 1941 kwenda kufundisha Amherst, kisha vita vikamchukua: aliingia jeshi la majini, akawafundisha maafisa vijana kuongoza meli, na baadaye akasimamia utafiti katika maabara ya jeshi hilo mjini Washington. Mwaka 1946 alirudi Madison, na huko akabaki maisha yake yote ya kazi. Mwaka 1952 alitoa kitabu chake kikubwa, Introduction to Metamathematics, ambacho vizazi vya wanamantiki vilijifunzia.

Sasa tufike kwenye nyota. Katika kiangazi cha mwaka 1951 Kleene alialikwa kufanya kazi kwa muda katika shirika la utafiti la RAND, huko California. Alipewa makala iliyoandikwa mwaka 1943 na Warren McCulloch na Walter Pitts. Hao wawili walikuwa wamechora seli za ubongo kama vitu vidogo vinavyowaka au kuzima, vikiunganishwa kwa nyuzi, na kuonyesha kwamba wavu wa vitu hivyo unaweza kufanya kazi za mantiki. Swali la Kleene lilikuwa la mwanalugha, ingawa hakuwa mwanalugha: wavu wa namna hiyo unaweza kuzitambua safu zipi za ishara, na zipi haziwezi?

Jibu lake ni zuri kwa udogo wake. Chukua ishara chache za mwanzo. Ruhusu mambo matatu tu. La kwanza, kuunganisha: hiki kisha kile. La pili, kuchagua: hiki au kile. La tatu, kurudia: hiki mara yoyote, hata sifuri. Kwa kurudia alitumia alama ya nyota. Kila unachoweza kukieleza kwa mambo hayo matatu, mashine yenye idadi maalumu ya hali inaweza kukitambua. Na kinyume chake pia: kila ambacho mashine kama hiyo inaweza kukitambua, unaweza kukieleza kwa mambo hayo matatu. Hakuna kinachozidi, hakuna kinachopungua.

Sisi wa Kiswahili tunaweza kuliona jambo hili katika kitenzi. Chagua kiambishi cha nafsi: ni, u, a, tu, m, wa. Unganisha na chaguo la wakati: na, li, ta, me. Unganisha na mzizi, kisha na irabu ya mwisho. Ninapika, walipika, tutapika, yote yameingia katika mstari mmoja wa kuunganisha na kuchagua. Kama neno linaweza kufuatwa na sana, na sana tena, na sana tena, nyota inaingia kazini.

Safu hizo alizipa jina la rejula. Yeye mwenyewe hakuridhika nalo. Katika makala yake aliwaomba wasomaji, kama wana jina linaloeleza vizuri zaidi, walilete. Hakuna aliyelileta, na jina la muda likawa la kudumu. Makala ilitoka kwanza kama ripoti ya ndani mwaka 1951, kisha mwaka 1956 katika kitabu kilichohaririwa na Claude Shannon na John McCarthy.

Mwaka huo huo wa 1956 Noam Chomsky alichapisha hoja yake kwamba mashine yenye hali chache haitoshi kuieleza sarufi ya lugha ya binadamu. Ili kuelewa kwa nini, angalieni sentensi hii: kitabu ambacho mwanafunzi ambaye mwalimu alimsifu alikinunua kimepotea. Kitabu kinangojea kimepotea. Mwanafunzi anangojea alikinunua. Mwalimu amepata alimsifu yake papo hapo. Aliyefungua mwisho anafunga kwanza, na aliyefungua kwanza anafunga mwisho. Ukiongeza tabaka jingine, unahitaji kukumbuka mmoja zaidi. Mashine ya Kleene ina idadi maalumu ya hali. Ni kama mlinzi anayehesabu kwa vidole vyake tu. Ukimpa tabaka nyingi kuliko vidole, anapotea. Vikundi ndani ya vikundi katika fomu zangu vilikuwa sentensi hiyo hiyo kwa umbo jingine, na usiku wangu wa kukesha nilikuwa nikimwomba mlinzi awe na vidole visivyo na mwisho.

Nyota ilitokaje kwenye karatasi ya mantiki ikafika kwenye kompyuta yangu? Njia ilipitia kwa Ken Thompson, ambaye mwaka 1968 alichapisha namna ya kugeuza usemi wa Kleene kuwa programu inayotafuta maandishi kwa haraka. Aliiweka katika vihariri vya maandishi, na kutoka hapo ikazaliwa programu iitwayo grep, ambayo jina lake ni kifupi cha amri ya kihariri: tafuta kila mahali penye usemi huu, kisha chapisha. Miaka ya 1990 intaneti ilipoleta fomu, watu walichukua chombo kile kile kutoa majibu yaliyomo.

Haki idai hapa niseme kosa lipi ni la nani. Nyota ya Kleene husema tu kwamba kitu kinarudiwa. Haisemi kama ichukuliwe safu ndefu au fupi. Kuchukua ndefu kadiri inavyowezekana ni uamuzi wa waliotengeneza programu. Nukta kutovuka mstari nako ni uamuzi wao. Kutojua maamuzi hayo lilikuwa kosa langu. Mpaka wa tatu tu, ule wa vikundi ndani ya vikundi, ndio wa Kleene. Zipo programu za leo zilizoongezewa uwezo wa kuuvuka, lakini zinapouvuka huwa si tena ile mashine aliyoieleza.

Miaka yake iliyobaki nitaipitia upesi. Aliongoza Chama cha Mantiki ya Ishara, Association for Symbolic Logic, na kati ya 1969 na 1974 alikuwa mkuu wa kitivo cha fasihi na sayansi mjini Madison, wakati ambao chuo hicho kilitikiswa na maandamano ya wanafunzi dhidi ya vita vya Vietnam. Alistaafu mwaka 1979. Mwaka 1990 nchi yake ilimpa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Alipanda milima na kutetea utunzaji wa mazingira. Alifariki mjini Madison tarehe 25 Januari 1994, mwaka ambao fomu za intaneti ndiyo kwanza zilianza kuenea.

Nimejifunza nini kwake? Wengi humsifu kwa kutupa chombo. Mimi namshukuru zaidi kwa kutuambia chombo kinaishia wapi. Alianza maisha ya kazi kwa kukubali hadharani kwamba mfumo aliouandikia tasnifu una ufa, na alipotengeneza nyota aliizungushia mpaka wake siku ile ile.

Kwa hiyo kazi yangu niliifanya upya. Kwanza nilitumia kichanganuzi cha HTML, programu inayokumbuka kila alama iliyofunguliwa hadi ifungwe, ili kupata vikundi na visanduku vyote bila kujali vimepangwaje. Kisha, ndani ya kila jibu, nilitumia rejeksi kwa kazi inazoziweza: kutenganisha umoja na wingi, kutoa umri, kusafisha nafasi zilizozidi. Mwisho nilihesabu visanduku vilivyotoka tupu, na kila kimoja nikafungua faili lake na kusoma kwa macho. Baada ya kufanya hivyo visanduku vitupu vilibaki viwili, na hao wawili kweli hawakueleza kitu.

Ile aya kuhusu wazee wasioeleza niliifuta. Mahali pake pana maelezo ya Kambo kuhusu bukari, mistari yake yote minane, kama alivyoyasema. Mwenzangu utakayefungua mafaili yako kesho, ukiona nafasi tupu katika jedwali, usiharakishe kuandika kwamba mtu alinyamaza. Fungua faili kwanza.